Pazia Lililomsaliti Fundi

Sehemu ya Saba

Wiki nzima tumemwacha mwanamke wa watu kasimama katikati ya chumba, simu mkono wa kushoto, mkasi mkono wa kulia, mdomo wazi. Nzi angeweza kuingia, akatembea, akatoka na salamu. Haya, tumfunge mdomo, twende naye.

"Pazia lako ni zuri," ndivyo ujumbe ulivyosema. "Lakini ukilitazama kutoka nje ndiyo linapendeza zaidi."

Fundi alisoma mara ya kwanza, akatabasamu. Akasoma mara ya pili, tabasamu likakauka. Mara ya tatu akakaa bila kutazama, juu ya pini kumi na mbili alizokuwa amezichomeka kwenye kitambaa cha mteja.

"Mama yangu!"

"Nini tena?" akauliza Shangazi, bila kuinua macho. Alikuwa pembeni ya dirisha anafumua pindo, miwani kwenye ncha ya pua.

"Shangazi, yuko nje."

"Nani?"

"Mpole."

"Yule wa kwenye simu? Si ulisema hajui unakaa wapi?"

"Hakujua. Sasa anajua."

Kwa aliyeingia hadithini leo, mambo ni hivi. Fundi ni mshona mapazia, miaka thelathini na tisa, ameachika mwaka wa tano huu. Anaishi na shangazi yake ghorofa ya kwanza, juu ya karakana ya fundi makochi. Chumba cha mbele ni kazi, cha nyuma ni usingizi. Shangazi ndiye aliyemsukuma kwenye mtandao wa wachumba. "Kitambaa kisichotandazwa hakipati mnunuzi," alimwambia, na Fundi akatandazwa.

Akakutana na yaliyomo. Wa kwanza picha yake ilikuwa na nywele nyingi. Mwenyewe alipokuja, nywele zilibaki kwenye picha. Wa pili alikuja na mama yake, na mama ndiye aliyeuliza maswali. Wa tatu alimwita malaika siku nne, siku ya tano akauliza bei ya mapazia ya vyumba vitatu, na kama malaika hupunguza. Wa nne alimtumia shairi tamu, tatizo likawa ubeti wa mwisho, uliomtaja kwa mapenzi mazito mwanamke mwingine kabisa, ambaye Fundi alimfahamu vizuri kwa sababu alikuwa mteja wake.

Ndipo akaja huyu aliyejiita Mpole. Wiki kumi na moja walizungumza. Hakuomba picha za aibu, hakuharakisha. Aliuliza umekula, umelala, mgongo unaumaje baada ya cherehani. Mwanamke aliyezoea kuulizwa urefu wa dirisha, akiulizwa habari ya mgongo, huyeyuka.

Lakini Fundi hakuwa mjinga. Jina hakutaja. Mtaa hakutaja. Picha aliyoweka ilionyesha nusu ya uso, nusu nyingine kaigeuzia pembeni.

Ila nyuma yake palikuwa na pazia. Fundi gani wa mapazia atapiga picha mbele ya ukuta mtupu?

Na si pazia la hivi hivi. Lilikuwa na rinda alilolibuni mwenyewe, akaliita rinda la jongoo, kwa jinsi linavyojikunja. Tena mafundi wengine hushona maua upande wa ndani, upande wa nje wakatia bitana nyeupe, kwa sababu apitaye barabarani si mteja. Fundi aliona hiyo ni dharau kwa wapita njia. Pazia lake yeye lilikuwa na maua ndani na nje. Mji mzima, dirisha la namna hiyo lilikuwa moja.

Alificha jina, akaficha mtaa, kisha akatundika anwani nyuma ya kichwa chake.

"Basi ni mapenzi hayo," Shangazi akasema, ingawa sindano ilikuwa imesimama mkononi. "Marehemu mume wangu alinifuata maili nne na tochi."

"Akagonga mlango?"

"Akagonga."

"Huyu hajagonga, Shangazi. Huyu anatazama."

Shangazi akaweka pindo chini. Wakainama wote wawili, wakachungulia kwenye upenyo kati ya pazia na ukuta, kichwa juu ya kichwa.

Saa tisa na nusu alasiri, jua kali, barabara imejaa. Fundi viatu yuko pale pale. Mwanamke mwenye mwavuli anabishana na simu yake. Watu watatu kituoni. Gari la kijivu lenye vioo vyeusi, limeegeshwa. Mwanamume ameegemea ukuta anatafuna karanga, hana haraka na maisha.

"Picha yake ana ndevu na kofia," Fundi akanong'ona.

"Ndevu hunyolewa. Kofia huvuliwa," Shangazi akajibu. "Liondoe hilo pazia. Lisipokuwepo, dirisha letu ni dirisha tu."

Fundi akapanda kwenye kigoda. Akalishusha pazia lake kipenzi, likamwangukia mikononi kama mgonjwa. Mwanga ukaingia chumbani kwa kishindo.

Simu ikatetemeka juu ya meza. Fundi akasoma kwa sauti.

"Mbona umelitoa? Jua la saa hizi litakuumiza macho. Na Shangazi anaonekana amechoka, mwambie apumzike."

"Nani kachoka?" Shangazi akafoka. Halafu akaelewa maana ya kuonekana. Mkono wake ukapanda taratibu ukafunga kanga vizuri kifuani, na haukushuka tena. "Lirudishe. Lirudishe haraka, mwanangu."

Likarudi, tena upande mmoja juu upande mwingine chini. Katika miaka kumi na sita ya kazi Fundi hajawahi kutundika pazia vibaya namna ile.

Hapo ndipo waliposikia ngazi.

Kwa. Kwa. Kwa. Miguu mizito, ya kiume, inapanda bila papara.

Fundi akashika mkasi. Shangazi akanyakua bomba la pazia, mita mbili na nusu, la chuma. Miguu ikafika juu. Ikasimama. Mlango ukagongwa.

"Nani?"

"Mmmh mmh."

"Nani!"

"Mmmh!"

Mlango ukafunguka kidogo, na bomba la Shangazi likashuka kama hukumu. Likasimama kidole kimoja juu ya kipara cha fundi makochi wa chini, yule wanayemwita Msumari, kwa sababu hutembea na misumari mdomoni hata akienda msibani.

Msumari akaitema misumari sita kiganjani, akaihesabu, akashusha pumzi. "Ya saba nimeimeza au sikuwa nayo? Jamani, nimekuja kuazima chaki!"

Wakamvuta ndani, wakafunga, wakamweleza. Alipomaliza kusikiliza hakucheka, na Msumari hucheka hata bei ya sponji ikipanda.

"Piga polisi," akasema.

Fundi akapiga. Sauti iliyopokea ilikuwa inatafuna kitu.

"Amekutishia kukuua, mama?"

"Hapana. Amelisifia pazia langu."

"Amelisifia."

"Ndiyo, lakini..."

"Amesema litakuumiza?"

"Amesema jua litaniumiza macho."

"Mama, mimi mke wangu angefurahi. Ukiona bado unaogopa, njoo kituoni uandike maelezo. Sisi hatuwezi kuja, gari liko gereji."

Fundi akakata simu. "Hawana gari. Hawaji."

Saa ya ukutani ikapiga hatua zake. Ndipo Fundi akakumbuka.

"Saa kumi nina mteja. Yule mama mzee aliyepiga simu juzi. Nyumba kubwa, madirisha tisa."

"Ina geti?" Shangazi akauliza.

"Alisema niulize geti jeusi."

"Basi nenda. Kaa huko kwa mtu mzima mpaka tujue la kufanya. Huyu punguani abaki hapo nje analinda pazia."

"Nitatokaje asinione?"

Msumari akajikuna kipara. "Nina kochi la kupeleka upande huo. Ni fremu tu na kitambaa, halijatiwa sponji. Ukijikunja, unaingia chini ya kikalio."

"Na wewe Shangazi?"

"Mimi anitakie nini? Nitafunga kitasa na komeo. Simfungulii mtu, labda Msumari au askari. Nenda!"

Likumbuke neno hilo, msomaji. Labda Msumari, au askari.

*

Kuna namna nyingi za mwanamke kutoka kwake kwenda kazini. Kutoka ndani ya tumbo la kochi, juu ya mkokoteni, magoti yamegusa kidevu na springi moja inakuuliza maswali mgongoni, si namna ya kuombea adui. Fundi alijikunja humo, mkoba kifuani, simu mkononi. Kitambaa cha chini kilikuwa na upenyo wa vidole viwili. Kupitia hapo aliona barabara ikirudi nyuma: kokoto, maganda, vifundo vya miguu.

Simu ilinyamaza. Dakika tano. Dakika kumi. Moyo ukaanza kurudi mahali pake. Tumemwacha, akajiambia. Anatazama pazia.

Walipofika kwenye mwinuko, mkokoteni ukaanza kusita. Msumari akaguna.

"Kaka, nikusaidie kusukuma?" sauti ya mwanamume ikasema.

"Shukrani, ndugu yangu. Sukuma hapo nyuma."

Mkokoteni ukapata nguvu. Fundi akasikia pumzi ya yule mtu, karibu kabisa, upande wa pili wa kitambaa. Alikuwa anaimba kwa puani, wimbo usio na maneno. Kwenye ule upenyo Fundi aliona viatu vyake vikija hatua kwa hatua. Vya kahawia. Vimeng'arishwa. Kamba zimefungwa mafundo mawili mawili.

Wakafika juu. Viatu vikasimama.

"Mzito huu," sauti ikasema, na kiganja kikapigapiga kikalio cha kochi, taratibu, kama mtu anayembembeleza mtoto. "Mzito kwa kochi tupu."

"Mbao ngumu," Msumari akajibu.

"Ndiyo. Mbao nzuri ni nzito. Mfike salama."

Mfike, alisema. Alikuwa anamuaga mtu mmoja, naye akasema mfike.

Viatu vikageuka, vikarudi vilikotoka. Fundi aling'ata kamba ya mkoba wake mpaka nyumba ya geti jeusi.

"Nilimwona vizuri," Msumari akamwambia alipomtoa, akimnyoosha kama kitambaa kilichokunjamana. "Kijana msafi, hana hata ndevu. Watu wema bado wapo, dada Fundi. Acha woga."

"Rudi kwa Shangazi. Sasa hivi."

"Nishushe kochi la watu, dakika ishirini tu, narudi mbio."

Akaondoka na mkokoteni wake ukilia magurudumu. Fundi akageukia geti.

*

Mama mzee alifungua mwenyewe. Mdogo wa umbo, gauni lililopigwa pasi, ufunguo unaning'inia shingoni kwa uzi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu, marahaba! Karibu. Umependeza kuliko nilivyoambiwa." Akafunga geti nyuma yao, akauzungusha ufunguo mara mbili, akaurudisha shingoni. "Wezi, unajua."

Ndani palikuwa baridi na kimya. Harufu ya sabuni. Fundi akavuta pumzi ya kwanza kamili tangu saa tisa. Ukuta mrefu, geti la chuma, mtu mzima mwenye adabu zake. Akatoa futi yake ya chuma ya mita tano, ile inayojirudi yenyewe, akatoa daftari, akaenda kwenye dirisha la sebule. Mkono ukishashika futi, hofu hukosa kazi.

Upana, mita moja na themanini. Urefu...

Akasimama.

Pazia la dirisha lile lilikuwa limetundikwa kinyumenyume. Maua yametazama barabarani, mshono umetazama sebuleni. Na kwenye pindo, upande wa kulia, mtu alikuwa ameshona palipochanika kwa uzi mweusi juu ya kitambaa cha samawati, mishono mirefu kama ya gunia.

Fundi aliujua mshono ule. Alishawahi kuucheka.

Wiki ya pili ya mazungumzo yao, Mpole alimtumia picha: ndevu, kofia, kikombe mkononi, dirisha nyuma. Mwanamke mwingine angetazama macho ya mwanamume. Fundi alitazama dirisha. Akamwandikia: Pazia lako limevaliwa kinyumenyume, na huo uzi mweusi umeshonwa na adui yako. Naye akajibu: Basi siku moja uje ulirekebishe.

Siku moja ndiyo hii.

"Mama," akasema, na sauti ikatoka nyembamba kama uzi wa pamba, "nani aliyetundika pazia hili?"

"Mwanangu! Hajui kazi za ndani, maskini. Nikamwambia ita fundi. Akasema, mama, ngoja, ninaye wangu." Yule mzee akacheka, akafunika mdomo kwa mkono. "Akaniambia nipige mimi, eti wewe unaona haya. Mkwe wangu ana haya! Mimi nikafurahi. Wasichana wa siku hizi hawana."

"Mkwe?"

"Ameniambia yote. Wiki kumi na moja. Mgongo bado unakuuma?"

"Yuko wapi mwanao, mama?"

"Katoka tangu asubuhi. Kasema anakwenda kumsalimia shangazi yako, ndiyo heshima. Njoo, njoo juu uone, asije akanilaumu sikukuonyesha."

Akamshika mkono. Mkono wa kizee, laini, ulioshika kwelikweli. Geti lilikuwa limefungwa na ufunguo ulikuwa shingoni kwa yule mama, na Fundi hakuwa mtu wa kumkaba mama wa mtu shingo. Akapanda. Macho yake yalikuwa yanatafuta njia ya kutokea.

Chumba kilikuwa mwisho wa ukumbi. Kilipakwa rangi upya. Kitanda, taa, na mbele ya dirisha cherehani jipya kabisa, bado lina karatasi ya dukani. Pembeni uzi wa rangi zote, umepangwa kama wanafunzi mstarini.

"Alichagua mwenyewe," mama akasema kwa fahari. "Usihangaike kutoka kutafuta kazi. Kazi zote humu humu."

Fundi ana macho ya kupima. Hakuangalia cherehani. Aliangalia nondo za dirisha. Akaangalia mlango, akaona komeo kubwa, jeusi, limepigwa skrubu nne. Komeo lile lilikuwa upande wa nje.

Kwenye kona kitu kirefu kilifunikwa shuka.

"Na kile?"

"Ah, kile cha yule wa mwanzo." Mama akavuta shuka. Ilikuwa mashine ya kukaushia nywele, ile ya kofia kubwa, ya saluni, na kiti chake. Chini ya kiti, jozi ya viatu vya kike, vimepangwa vizuri. "Alikuwa msusi. Mwanangu alimnunulia kila kitu, lakini hakukaa. Siku moja tukaamka, hayupo. Mwanangu anasema karudi kwao." Uso wa mama ukaingia kivuli kidogo. "Ila nani anarudi kwao bila viatu?"

Fundi alikuwa ameshapiga simu. Ikaita mara nne.

"Shangazi! Mlango umefungwa?"

"Umefungwa, mwanangu, na niko salama kuliko benki. Askari yupo hapa."

"Askari gani?"

"Wa kituoni. Si walisema gari liko gereji? Basi kaja kwa miguu, maskini, na hana hata sare. Kijana mstaarabu, kavua viatu mlangoni. Nani siku hizi anavua viatu?"

"Viatu gani, Shangazi?"

"We mtoto, viatu ni viatu. Vya kahawia. Kafunga kamba mafundo mawili mawili kama vile anaogopa vitamkimbia."

"Msumari amerudi?"

"Bado. Lakini nina askari, Msumari wa nini? Nimempa chai. Analishangaa pazia lako, anasema rinda kama hili hajapata kuliona. Anakusalimu. Anasema usiogope, huko uliko ni kwa mtu mzima."

"Shangazi. Umemwambia nimekwenda wapi?"

"Mimi? Sijamwambia kitu, hata hakuuli..."

"Mwanangu," Shangazi akasema, na sauti yake ikashuka kama pazia lililokatika kamba. "Sijamwambia."

Simu ikakatika.

Fundi akapiga tena. Ikaita, ikaita, ikanyamaza. Akapiga ya Msumari, ikaita vile vile. Mtu aliyebeba kochi hana mkono wa kupokea. Akapiga tena ya Shangazi. Badala ya sauti ikaja picha.

Lilikuwa pazia lake. Maua yake, rinda lake la jongoo, upande mmoja juu upande mwingine chini kama alivyolitundika. Safari hii limetazamwa kutoka ndani. Mbele ya pazia palikuwa na kiti cha Shangazi. Kitupu. Juu ya kiti, miwani peke yake, na Shangazi havui miwani hata akilala.

Chini yake maneno:

"Nimemaliza kupima kwenu. Na wewe, umekipenda chumba?"

"Ndiye yeye?" mama akauliza kwa furaha kutoka mlangoni. Alikuwa ameshatoka chumbani, yuko ukumbini. "Basi pumzika, mkwe wangu. Aliniambia utaogopa kidogo. Bibi harusi asiyeogopa ana kasoro."

"Mama, usifunge! Mama, nakuomba, shangazi yangu..."

Komeo likaingia mahali pake. Kandambili zikaenda zao, pole pole, zikishuka ngazi.

Fundi alipiga mlango mpaka viganja vikawaka. Alipiga kelele mpaka sauti ikapasuka. Alipiga polisi tena, simu ikaita bila kupokelewa. Ukuta ulikuwa mnene na nyumba ilikuwa na bustani pande zote. Mwisho akajifuta uso kwa kitambaa cha kazi, kwa sababu kulia hakujawahi kumfungulia mtu komeo, na nyumbani kwake kulikuwa na kiti kitupu.

Akalirudia dirisha. Akatoa futi.

Nafasi kati ya nondo ya kwanza na ya pili: sentimita kumi na mbili. Ya pili na ya tatu: kumi na mbili. Ya tatu na ya nne...

Akapima tena. Kumi na tisa.

Akainama. Nondo ya nne ilikuwa imepinda, na chini yake saruji ilikuwa imechimbwa, chembe kwa chembe, na kitu chembamba. Kitu chenyewe kilikuwa bado kimenasa humo. Kibanio cha nywele.

Ndipo alipoelewa habari ya viatu. Msusi hakuvisahau. Alivivua ili apite.

Fundi akapima kichwa chake kwa futi, kwenye masikio: kumi na sita. Kikipita kichwa, mengine ni majadiliano. Lakini alishukia wapi? Chini ya dirisha palikuwa na kichaka kizito, majani yamefumana, chini hakuonekani. Mtu hajirushi bila vipimo. Akaisukuma futi kati ya nondo, akaiachia ishuke taratibu. Mita moja. Mita mbili. Ncha ya chuma ikazama ndani ya majani. Mita tatu. Tatu na nusu.

Ikasimama. Akadhani imegusa ardhi.

Akaanza kuivuta irudi. Haikurudi.

Huko chini, ndani ya kichaka, mkono fulani ulikuwa umeishika. Ukaivuta mara moja. Ukangoja. Ukaivuta mara ya pili.